Dawa Isiyoliwa Sengu

Nyie mnaokaa sasa kwenye lile dirisha la dawa, siku mliponiaga mlisema, "Bibi, usituachie keki tu, tuachie na maneno." Keki yenyewe ilikuwa kavu. Maneno ni haya. Nimeyaandika kwa mkono wangu kwenye daftari la mjukuu wangu, huyu anayesomea uuguzi na anayepita wenzake wote darasani, na nimemkataza kugusa chochote isipokuwa herufi. Mimi niliishia darasa la nne, lakini hakuna kopo la dawa lililowahi kunishinda kulihesabu.

Mambo ya vyeo na mshahara sitaandika. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua.

Kwetu ni ziwani, upande wa Liuli. Niliolewa huku juu Umatengoni na mwanamume aliyenidanganya kwamba baridi huzoeleka. Hospitali ya misheni ilinichukua kwanza kufua mashuka. Siku moja mtoa dawa, Mzee Komba, alipita nyuma ya nyumba ya kufulia akanikuta nayahesabu mashuka kwa sauti, matano matano, huku nikigombana na mwenzangu, na hesabu haipotei. Akasimama kusikiliza ugomvi mpaka ukaisha.

"Mama Sesilia," akasema, "unaweza kuhesabu hivyo bila kelele?"

"Naweza, mzee, ila sitafurahi."

Jumatatu nikawa ndani ya chumba cha dawa, mikono bado inanuka sabuni.

Alinipa sinia la bati, kisu cha mezani kisicho na makali, na kopo la vidonge elfu moja. "Mimina kidogo. Sukuma kwa kisu, vitano vitano. Mkono usiguse. Ukipiga chafya, unaanza upya." Nilipiga chafya mara mbili siku hiyo na niliondoka jioni nikiona vidonge hata kwenye mahindi. Bahasha za dawa tulikunja wenyewe kwa karatasi za madaftari yaliyokwisha, kwa hiyo mtu alikwenda nyumbani na klorokwini ndani ya hesabu za mtoto wa mwenzake, zote zimekosewa. Juu ya bahasha tulichora jua: linachomoza, liko utosini, linazama. Asiyejua kusoma, jua analijua.

Jambo kubwa alilonifundisha Mzee Komba ni hili, nanyi msiliache: usimuulize mgonjwa kama ameelewa. Wote husema ndiyo, maana wanataka kuwahi gari. Mwambie akurudishie maneno yako kwa mdomo wake. Nilimwambia mama mmoja dawa ni ya kupaka, akanirudishia kwamba ni ya kupaka, nikauliza wapi, akasema kwenye mkate. Tangu hapo nimewataka watu wote wanirudishie maneno, hata mume wangu.

Hiyo ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipoanza kufunguliwa. Kabla ya hapo tulikosa hata sabuni; mashuka mengine nimeyafua kwa majivu. Mara mitumba ikajaa gulioni, wanunuzi binafsi wa kahawa wakaanza kupanda milima na malori yao, na Mbinga mjini yakafunguliwa maduka ya dawa, dawa ikakaa rafu moja na viberiti. Kwetu pia yakaanza kufika maboksi ya dawa ambazo Mzee Komba mwenyewe alikuwa anazisoma akiwa amevua kofia. Ndani ya boksi mojawapo ndimo kilimokuwa kidonge hiki ninachotaka kuwaeleza. Kinaitwa tamoksifeni. Kidogo, cheupe, hakina sura ya kumtisha mtu.

Daktari wetu wakati huo alikuwa mama mmoja Mngoni, mfupi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Nilimuuliza kidonge hiki kinafanya nini, kwa sababu sipendi kugawa kitu nisichokijua. Akavuta kigoda kilichokuwa mlangoni.

"Mwanamke ana maji yake ya kike yanayotembea kwenye damu," akasema. "Yanakwenda yakitafuta kigoda cha kukaa. Kwenye ziwa la kifuani lenye saratani, yakishakaa, saratani inakula na kunenepa. Kidonge hiki kinawahi kukaa." Akakaa yeye juu ya kigoda, pwa! "Sasa njoo ukae na wewe."

"Nitakaa wapi, daktari, na wewe umekijaza chote?"

"Ndiyo kazi yake. Kinajaa kigodani."

Sijapata kuelezwa dawa vizuri kuliko siku hiyo. Karatasi ya ndani ya boksi, alisema, imeandika kazi moja tu: saratani ya ziwa. Lakini kigoda cha namna hiyo kipo sehemu nyingi mwilini, kwa hiyo madaktari kwingine wameitumia kwa mambo mengine ambayo karatasi haikuyataja. Yeye naye angeitumia, kwa mgonjwa mmoja mmoja, akiwaangalia kwa macho yake. "Wewe utatoa kile tu nilichoandika kwenye cheti," akaniambia. "Usiongeze neno." Neno lile la mwisho nililisikia kwa sikio moja.

Wa kwanza alikuwa Mama Kresensia wa Kingerikiti, mama wa makamo, mrefu, aliyekatwa ziwa la kushoto kwa uvimbe. Baada ya kidonda kupona aliandikiwa kidonge kimoja kila siku, miaka mitano. Nilipomwambia miaka mitano alinitazama kama nimemhukumu.

"Mwanangu, miaka mitano nitakuwepo?"

"Ndiyo tunayoitafuta, mama."

"Basi nipe. Nina mwana mmoja tu, na mkewe Anselma ana miaka minne nyumbani kwangu bila mtoto. Ukoo unamwambia mwanangu aoe mwingine. Mimi Anselma nampenda. Nikiondoka nani atamsemea? Nataka nimbebe mjukuu wangu, kwa tumbo la huyo huyo, ndipo nife."

Akanirudishia maneno yote sawasawa: kimoja, jua likizama, baada ya chakula. Alikuja kila mwezi. Joto lililowasumbua wengine, lile linalopanda kifuani hadi usoni, yeye alilicheka. "Dawa yenu ina blanketi ndani," alisema. "Huku kwetu Julai si haba."

Wa pili alikuwa mvuvi kijana kutoka ziwani kwetu. Aliingia na sweta zito kwenye jua la saa nane. Matiti yalikuwa yamemvimba yote mawili na yanauma, na wenzake mtumbwini walikuwa wanamwita Dada. Alikuwa ameacha kuoga nao. Daktari alimchunguza kwanza asije akawa na kitu kibaya, hakuona, akamwandikia miezi mitatu.

Akainama dirishani. "Shikamoo mama. Hivi si vya wanawake?"

"Marahaba. Vimeandikwa jina lako. Wewe ni mwanamke?"

"Hapana."

"Basi na vyenyewe si vya wanawake. Meza."

Alirudi kapungua kifua, kavaa fulana, na kapu la usipa, dagaa wetu wa ziwani, waliokauka vizuri. Kwa mtu wa ziwani aliyehamishiwa milimani, hiyo ni zaidi ya barua ya shukrani.

Wa tatu alikuwa mke wa fundi cherehani wa Mbinga mjini, hajashika mimba. Daktari alimpima yeye, akampima na mumewe, ambaye alikuja akiwa amenuna kama gunia. Kisha akamwandikia vidonge vya siku tano tu katika mwezi, mwanzoni mwa siku zake. Miezi haikuwa mingi, mama huyo akapita dirishani kwangu na tumbo, kisha na mtoto mgongoni, akicheka na kila mtu aliyeketi kwenye benchi.

Kwenye benchi siku hiyo alikuwepo Mama Kresensia.

Alipofika dirishani aliniuliza polepole, "Mwanangu, yule naye alipewa dawa gani?"

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize. Nilikuwa na raha. Nilijiona mimi ndiye niliyemtengeneza yule mtoto. Nikasema, "Hii hii yako, mama. Haina mwenzake. Inatibu saratani, inaondoa matiti ya mwanamume, inaleta mtoto." Nikaongeza na mkono, kama mnadi.

Mama Kresensia akaifunga bahasha yake ndani ya pindo la khanga, mafundo mawili.

Miezi michache ikapita. Siku moja akaja mwenye duka la dawa wa Mbinga, Bwana Salimu, watu wake asili yao Kilwa, mtu mwenye adabu hata akikudai. Akanisalimu, akauliza habari za watoto mpaka wa tumboni, ndipo akasema, "Mama Sesilia, wanawake watatu wiki hii wamenitaka kidonge cha mtoto cha hospitali yenu. Ndicho kipi hicho?"

Nikahisi baridi ambayo si ya milimani. "Hakuna kidonge cha mtoto. Na ukikipata usiuze bila cheti cha daktari."

"Siuzi, dada yangu. Mimi riziki yangu iko kwenye dawa ya kikohozi. Matumbo ya wake za watu siyataki."

Wiki hiyo hiyo Mama Kresensia akaja kuchukua dawa. Mzee Komba alitufundisha kumtaka mgonjwa arudishe bahasha ya zamani, tuone kama kuna zilizobaki. Mkipenda muiache desturi hiyo, lakini mimi ndiyo iliyoniokoa. Bahasha yake ilikuwa tupu, ila kwenye mkunjo wa chini kulikuwa na unga mweupe. Kidonge kizima hakiachi unga.

"Mama, unavikata?"

"Nakata kwa kisu, mwanangu. Nusu yangu, nusu ya Anselma." Alisema bila kuficha chochote, kama anayeeleza alivyogawa ndizi. "Siku mzee wangu anaumwa mgongo, naye huonja kipande."

"Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia."

Mimi nimekulia ziwani, na kwetu kila nyumba hula kwake. Wamatengo wana kitu wanachokiita sengu. Chakula cha nyumba zote za boma kinapelekwa mahali pamoja kinaliwa pamoja, na hapo hapo mambo ya ukoo yanazungumzwa. Anayejifungia kula peke yake ni mtu mbaya. Nilikuwa nimekaa huku miaka yote hiyo, nimekula sengu mara ngapi sijui, na haikunijia kwamba nimempa mama wa Kimatengo kitu cha kuweka kinywani, chema kuliko vyote vya nyumbani kwake, nikamwambia akile peke yake miaka mitano. Halafu nikamwambia kwamba kina mtoto ndani.

"Na Anselma yuko salama?"

Uso ukamng'aa. "Miezi miwili hajaona siku zake. Tumenyamaza kwanza. Bado tunampa, asije akapungukiwa."

Niliweka chini kisu changu cha kuhesabia. Nilikuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu mawili: mjamzito asipewe kabisa. Na kwa upande wa pili wa kisu, mama huyu alikuwa anapigana na saratani kwa nusu ya silaha. Ningeweza kumpoteza yeye na mjukuu wake kwa sentensi yangu moja.

Nilimketisha, nikaenda kwa Mzee Komba, nikamweleza yote, na jinsi nilivyochezesha mkono. Hakupandisha sauti. Aliniongoza kwa daktari nikarudia mbele yake.

Daktari alifunga kalamu. "Nitakufokea Ijumaa," akasema. "Leo nenda Kingerikiti na mama huyu, umlete Anselma. Ukamwambie mwenye boma kwa kinywa chako, maana kinywa chako ndicho walichokiamini."

Mzee Komba akauliza jambo moja tu: "Viatu vya kutembelea unavyo?"

Tulipanda lori la mnunuzi wa kahawa mpaka liliposhindwa na mlima, tukamalizia kwa miguu, Mama Kresensia mbele, mimi nyuma nikihema na kutubu. Njiani hakunilaumu. Aliniuliza mara moja, "Mtoto ataharibika?" Nikajibu sijui. Akaongeza mwendo mpaka tuliposikia mbwa wa kwao.

Jua lilikuwa bado liko juu ya mlima, chakula kimeshawekwa. Mwenye boma alikuwa Mzee Ditram, mumewe Kresensia, yule wa mgongo. Nilipiga goti nikaamkia, wakanikaribisha, nikala, kwa sababu ungekataa ugali wa hapo usingesikilizwa. Kisha nikasema. Nilisema kosa ni langu. Nilisema Anselma aache leo hii, twende naye hospitali. Nilisema Mama Kresensia anahitaji kidonge kizima, na kidonge ni chake peke yake.

Mzee Ditram akafuta mikono taratibu. "Mama wa hospitali, umepanda mlima kuja kutufundisha uchoyo? Huko kwenu ziwani mnakula usipa mmoja mmoja mmejificha?"

Wakacheka wote. Mimi sikucheka, lakini nilipata hasira, na hasira ilinisaidia.

"Mzee, Jumapili mnakwenda kanisani?"

"Tunakwenda. Sisi si wapagani."

"Padri akiinua kikombe cha divai, anakunywa nani?"

"Padri."

"Na nyie?"

"Tunaangalia."

"Mmewahi kumwita mchoyo?"

Mzee Ditram akajikuna shavu. "Kwa sauti, hapana," akasema.

Kikapasuka upande wa wanawake kicheko ambacho bado nakisikia. Hata Anselma, aliyekuwa ameinamisha uso muda wote ananyofoa uzi wa khanga, alicheka huku analia. Wazee wakaongea Kimatengo kwa haraka, mimi nikiambulia neno hapa na pale. Mwisho Mzee Ditram akasema, "Basi na mke wangu anywe kikombe chake hapa hapa sengu, sote tukiwepo. Sisi tutaangalia. Asiyekuwepo aulize kama amekula. Na mtu asiguse." Akamgeukia mwanawe. "Na habari ya kuoa mwingine isizungumzwe tena hapa mpaka ya tumboni mwa huyu yajulikane."

Siku hiyo walikaa kumwangalia akimeza kizima. Hakuna mgonjwa wa hospitali yetu aliyewahi kusimamiwa hivyo.

Anselma tulishuka naye. Daktari alimpima: alikuwa mjamzito kweli. Akamweleza bila kuficha. "Huenda dawa ndiyo iliyosaidia, huenda ni wakati wako tu ulikuwa umefika. Umeimeza wiki ambazo hukutakiwa. Mtoto atakuwaje sijui. Tumeacha leo, tutakuwa tunakuangalia kila mwezi." Wenzangu, neno "sijui" likitoka kwa daktari huwa zito, lakini Anselma alilipokea vizuri kuliko nilivyopokea mimi. Alisema, "Afadhali nijue kwamba hujui."

Ijumaa nilifokewa, kama nilivyoahidiwa. Nje ya jengo walisikia. Baada ya hapo Mzee Komba aliweka benchi mbali na dirisha, mtu mmoja mmoja akaitwa, na kila mmoja akapewa maneno ya dawa yake tu. Msilisogeze hilo benchi. Na mama aliyekwisha koma hedhi anayetumia dawa hii, akisema ameona damu tena, msimwambie asubiri tarehe yake. Aonwe na daktari siku ile ile. Hilo nalo tulimfundisha Kresensia, naye akalirudisha kwa mdomo wake, na boma zima likalijua, pamoja na wanaume ambao wangependa kutolijua.

Miezi ile ilikuwa mirefu. Kila Anselma alipokuja kliniki nilitoka dirishani nikasimama mlangoni mwa wodi ya wazazi, najifanya nimeleta kitu. Siku ya siku alijifungua asubuhi, wakati nahesabu vidonge vya kuongeza damu kwa ajili ya wajawazito wengine. Nikasikia kilio. Daktari alimchukua mtoto akamgeuza kila upande, akamchungulia mdomo, mgongo, mapaja, akachukua muda mrefu mpaka nikataka kumpokonya.

"Msichana," akasema. "Mzima. Ana hasira kama huyu wa dirishani."

Mama Kresensia alikuwa amesimama ukutani tangu alfajiri, hataki kiti. Nesi akamwekea mtoto upande wa kulia, wenye ziwa. Yeye akamhamisha mwenyewe, taratibu, mpaka kifua cha kushoto kilicho bapa.

"Alale huku," akasema. "Huku kuna nafasi."

Nilirudi kwenye sinia langu nikakosea hesabu, mara moja tu katika maisha yangu ya kazi bila chafya.

Mtoto alikua pale sengu, katikati ya watu wanaogawana kila kitu, akiona kila jioni kitu kimoja ambacho hakigawanywi. Alipoanza kutambaa alikifuata kidonge kwa mkono, na boma zima likapiga kelele, "Cha bibi hicho!" Anselma anaapa kwamba mtoto alisema "cha bibi" kabla ya kusema "mama", na hajasamehe.

Miaka mitano ilipotimia daktari alimpima Kresensia kifua, kwapa na tumbo, hakuona kitu, akaandika kwenye cheti kwamba dawa imekwisha. Kwa mara ya kwanza Mama Kresensia alinyoosha mkono dirishani kwangu nami sikuwa na cha kuweka, tukabaki tumeshikana tu. Wiki iliyofuata alishuka tena, si kwa ugonjwa, kunieleza yaliyotokea nyumbani jioni ile. Wamekaa sengu, wamekula, wamemaliza. Mtoto kasimama anawatazama wakubwa mmoja mmoja, mpaka akakasirika.

"Cha bibi kiko wapi?"

"Nikamwambia kimekwisha," Mama Kresensia akanieleza. "Kimekwisha, mama, bibi ndiye amebaki."